Kinga ya uandishi kwenye patisheni za buti

Kinga ya uandishi kwenye patisheni za buti ni njia ya kuzuia programu yoyote isibadili maelekezo ya mwanzo yanayosomwa na kifaa kinapowashwa. Hutumika hasa katika eMMC, chipu ya hifadhi inayochomelewa kwenye bodi ya simu za bei nafuu, tableti na kompyuta ndogo za viwandani.

Chipu hiyo ina patisheni mbili za buti zilizo nje ya eneo la mafaili ya mtumiaji. Linux huziita mmcblk0boot0 na mmcblk0boot1. Ni ndogo, mara nyingi megabaiti chache tu, lakini butiloda, yaani programu inayoanzisha mfumo endeshi, ikihifadhiwa humo kisha ikaharibika, simu haionyeshi hata nembo.

Linux huzifunga kwa faili la force_ro. Ulinzi huo ni hafifu, kwa kuwa programu yenye mamlaka ya juu huuondoa kwa kuandika sifuri kwenye faili hilo. Kinga ya kweli imo ndani ya chipu yenyewe, katika rejista ya BOOT_WP, ambayo ni baiti ya 173 ya jedwali la EXT_CSD. Kiwango cha eMMC cha shirika la JEDEC, toleo la 5.1 la Februari 2015, kinaeleza aina zake. Kinga ya muda hudumu hadi umeme wa chipu ukatike au chipu irisetiwe, hivyo butiloda hulazimika kuiweka upya kila kifaa kinapowaka, kabla ya kukabidhi kazi kwa mfumo endeshi. Kinga ya kudumu haiondoki tena, hata kiwandani.

Kwa vifaa vya huku kwetu, kinga ya muda ndiyo inayofaa. Simu inayotumika Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, haina kituo cha mtengenezaji jirani. Uhai wake unategemea fundi anayejua kuiflashi, yaani kuiandikia programu upya. Patisheni za buti zikifungwa milele, kasoro ya usalama iliyomo kwenye butiloda hubaki humo, na mara nyingi njia inayobaki ni kung'oa chipu kwa hewa moto na kuweka nyingine.

Hata hivyo, kuiacha rejista wazi nako ni hatari: programu hasidi inaweza kuweka kinga ya kudumu yenyewe, baada ya kupachika butiloda yake. Ndiyo maana mtengenezaji makini huwasha biti ya B_PERM_WP_DIS, inayoandikwa mara moja tu. Biti hiyo huziba njia ya kinga ya kudumu na kuiacha ya muda iendelee kufanya kazi.