Fremu Isiyo na Lebo

Najua nimekuwa kimya, zamu za usiku zimenimeza. Leo sina habari za baridi. Mdogo wetu anayesomea mitandao huko nyumbani kaniuliza: inakuwaje swichi mbili nzima, zenye waya mzima, zipeleke mawasiliano kusikotakiwa? Hospitalini huku mafaili ya wagonjwa na majibu ya maabara hupita kwenye swichi hizo hizo, basi nikaifuatilia historia yake. Jamani, kumbe chanzo ni heshima kwa wazee!

Wazo la VLAN lilitoka kwa David Sincoskie wa Bellcore, Marekani, miaka ya 1980: mtandao mmoja ugawanywe vyumba, watu wa uhasibu wasisikie ya maabara. Baadaye makampuni yakaja na njia zao. Cisco walikuwa na ISL, iliyoifunga fremu nzima kwenye bahasha ya baiti 30, na mashine isiyoijua haikuambulia kitu. Mwaka 1998 taasisi ya IEEE ikatoa kanuni ya 802.1Q: fremu isifungwe, ibandikwe tu lebo ya baiti 4 yenye nambari ya VLAN yake.

Lakini vifaa vya zamani havikuijua lebo, na nani angevitupa vyote? Ikaruhusiwa fremu kupita bila lebo hata kwenye tranki, yaani ule waya unaobeba VLAN nyingi kati ya swichi na swichi. Kila upande ukachaguliwa VLAN moja ya kupokea zisizo na lebo. Mafundi huiita VLAN ya asili.

Sasa tuseme swichi ya ghorofa ya chini imeambiwa ya asili ni 10, ya juu imeambiwa ni 20. Fremu ya 10 inatoka bila lebo, ikifika juu inaingizwa 20. Taa ni za kijani, hakuna kilichokatika, ila ukuta kati ya vyumba viwili umetoboka. Sisi manesi chupa ya damu ikifika maabara bila lebo, hutupwa na mgonjwa hutolewa damu upya, hata akinuna. Swichi haitupi. Inakisia. Kwa kazi yangu, kukisia huko kunanitisha kuliko waya uliokatika.

Swichi za Cisco huambizana nambari hizo kwa itifaki yao ya CDP, zikitofautiana huandika onyo. Ukiunganisha na swichi ya kampuni nyingine isiyoijua CDP, onyo hilo hulioni. Ndiyo maana mafundi wengi huchagua VLAN isiyo na mtu iwe ya asili, au huamuru kila fremu ibandikwe lebo.

Vifaa vilivyooneewa huruma mwaka 1998 vingi vimekwisha tupwa, mdogo wangu, lakini mlango wao bado uko wazi. Kagua pande zote mbili za tranki, si upande wako tu.

Haya, nisalimieni Bibi. Zamu yangu inaanza saa moja usiku.