Kumzika Asiye Ndugu: Wajibu wa Msiba katika Historia ya Hombolo

Swali la kwenda au kutokwenda kwenye mazishi ya mtu asiye ndugu wala rafiki wa karibu, mtu aliyefahamika kwa kusalimiana njiani, kuuziana bidhaa gulioni au kufanya kazi pamoja kwa msimu mmoja, huonekana kuwa jambo la hiari ya kila mmoja, lakini katika Ugogo, yaani sehemu ya uwanda wa kati wa Tanzania inayokaliwa tangu zamani na Wagogo, swali hilo lina historia yake, na historia hiyo ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Kwa muda mrefu halikuhitaji kuulizwa, kwa kuwa ukoo, utani na ujirani vilikuwa vimekwisha kulijibu kabla mtu hajafa. Lilianza kuwasumbua watu pale bwawa, hospitali, kijiji cha kupangwa na chuo vilipowaleta mahali pamoja watu wengi wanaojuana bila kuunganishwa na damu, na Hombolo, eneo lililoko kilomita zipatazo 40 kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, ambalo leo lina kata mbili za Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu, lilipokea mambo hayo yote manne katika muda usiozidi miaka arobaini.

Makazi ya kale ya Wagogo hayakuwa vijiji vilivyosongamana, bali kaya zilizotawanyika, kila kaya ikiwa na tembe lake, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa bapa la udongo, iliyouzunguka uwanja wa ng'ombe. Peter Rigby, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1969 kitabu juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo, alionyesha kwamba kaya hizo zilihamahama mara kwa mara kufuata malisho, maji na mashamba mapya, kiasi kwamba majirani wa mtu mara nyingi hawakuwa watu wa ukoo wake. Jambo hili lina uzito mkubwa katika mada ya msiba, kwa sababu linaondoa dhana iliyozoeleka kwamba mazishi ya zamani yalikuwa shughuli ya ukoo peke yake. Katika nchi ya joto, ambako maiti haikuweza kungojeshwa, na ambako habari ilisafiri kwa miguu, waliozika walikuwa ni wale waliosikia kilio na kuweza kufika kabla kaburi halijafukiwa, na ndugu aliyehamia mbali alifika baadaye kuomboleza. Kwa maneno mengine, mpaka wa wajibu ulikuwa ni uleule mpaka wa habari: aliyesikia alikwenda, na asiyesikia hakuwa na lawama.

Pamoja na majirani walikuwapo watani. Utani, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni uhusiano wa kudumu kati ya ukoo na ukoo, au kati ya kabila na kabila, unaowaruhusu wahusika kutukanana na kunyang'anyana vitu bila kukasirikiana, na ambao kwa upande wa pili unawabebesha kazi nzito ambazo ndugu wenye uchungu hawawezi kuzifanya au wamekatazwa na mila kuzifanya. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani ndiye aliyechimba kaburi, akasimamia utakaso wa waliobaki, akamwiga marehemu mbele ya waombolezaji hadi wakacheka katikati ya machozi. Mfumo huo ulikuwa na hekima ambayo haijathaminiwa ipasavyo, kwa kuwa ulihakikisha kwamba katika kila msiba wapo watu wasiozidiwa na huzuni, wanaotakiwa kuwapo ingawa hawakumpenda marehemu kwa namna ya pekee na pengine hawakuwa na mazoea naye, na ambao hawakuhitaji kupima ukaribu wao naye ili kujua kama wana haki ya kufika.

Wajibu huo ulikuwa na gharama. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, huanza kwa kawaida mwezi Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka hufikia wastani wa milimita 500 hadi 600, kiwango kidogo kinachomfanya mkulima wa uwele na mtama ategemee siku chache za kupanda na kupalilia. Msiba ukitokea wakati wa palizi, desturi ya kutoshika jembe siku ya maziko huilazimu kila kaya kuacha shamba kwa magugu, na anayekwenda kulima huku wenzake wakichimba kaburi huhesabiwa kuwa amewatenga wafiwa. Kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba wazee wa zamani walikwenda msibani kwa kuwa walikuwa na nafasi tele. Walikwenda wakijua wanachokiacha.

Upo wakati ambapo mpango huo wote ulishindwa. Kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kwa ajili ya vita, na baada ya mvua kukosekana, Ugogo ilipata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 waliokadiriwa kuishi katika nchi hiyo. Vifo vinapofikia mmoja kati ya kila watano, na walio hai wanapotawanyika kutafuta chakula, haiwezekani kila marehemu apate jirani wa kumchimbia na mtani wa kumliza na kumchekesha mfiwa. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa mwaka 1917, yaani mwaka uleule njaa hiyo ilipoanza, aliandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na kazi ya kizazi chake ya kuziandika mila hizo inaeleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka ni watu wangapi waliondoka nazo bila kuzikabidhi.

Dini zilizoingia zilileta namna nyingine ya kuhesabu nani anahusika. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa mwaka 1876, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati yenye makao yake Dodoma. Kuanzia hapo Mkristo alizikwa na usharika wake, na kengele ya kanisa iliyogongwa kwa kifo iliwaita hata wasiojuana na wafiwa. Kwa Waislamu mazishi ni faradhi ya kifaya, maana yake wajibu wa jumuiya nzima ambao wakiutekeleza baadhi, wengine hawana dhambi, lakini ukiachwa na wote, wote wana makosa. Mafundisho yote mawili yalimpa marehemu watu wa kumzika kwa sababu tu alikuwa muumini.

Hata hivyo ni ukoma, kuliko mahubiri, uliolionyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa zaidi Hombolo. Kanisa la Anglikana liliendesha huko kituo cha kutibu wagonjwa wa ukoma, na pembeni yake yakakua makazi yanayoitwa Samaria, ya watu ambao hata baada ya kupona hawakuweza au hawakutaka kurudi walikotoka. Ukoma ulimtenga mgonjwa na ukoo wake akiwa bado hai, na katika makazi ya namna hiyo popote duniani mgonjwa alizikwa na wagonjwa wenzake, watu aliofahamiana nao kwa ajili ya ugonjwa tu. Hapo mtu wa kufahamiana naye alichukua nafasi ya ndugu kwa ukamilifu, na wala hakukuwa na wa kumwachia kazi hiyo. Anayetafuta mfano wa heshima ya juu kabisa katika kuzikana ndani ya eneo hili aanzie Samaria kabla ya kuzitazama kaya za watemi.

Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, liliongeza wageni wa aina nyingine, wavuvi na walima bustani, ambao ujirani wao ulifuata maji. Badiliko kubwa zaidi lilikuja na Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, ambapo baada ya ukame serikali iliwahamishia wakazi wa mkoa katika vijiji vya ujamaa, kaya zilizokuwa zimetawanyika zikapangwa kwa mistari. Mfumo wa nyumba kumi, ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, ulikuwa tayari umeweka juu ya kila kundi la nyumba mjumbe aliyepeleka taarifa, pamoja na za vifo. Ule mpaka wa habari uliokuwa ukimlinda mtu ulivunjika, kwani mkazi wa kijiji cha mamia ya familia alisikia kila kifo, na hivyo, kwa kanuni ya zamani, alidaiwa kila kaburi. Redio iliupanua mpaka huo kwa nchi nzima: matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yaliwataja ndugu kwa majina na mahali walipo, kisha yakawajumlisha jamaa na marafiki wote, na mtu aliyeketi Hombolo aliweza kujua jioni hiyohiyo kwamba mwenzake wa shule amefariki Mwanza.

Hapo ndipo vijiji vilipoanza kuandika. Kamati ya mazishi, mweka hazina, na daftari la rambirambi, yaani mchango unaotolewa kwa wafiwa, vikawa sehemu ya msiba, na vikundi vya kufa na kuzikana vikaweka katiba zenye viwango vya fedha, unga, kuni na maji, pamoja na adhabu kwa asiyefika. Wachumi waliochunguza vikundi hivyo katika kijiji cha Nyakatoke mkoani Kagera, na kuvilinganisha na vile vya Ethiopia vinavyoitwa iddir, walivitambua kuwa bima halisi yenye kanuni na kumbukumbu. Maelezo hayo ni ya kweli, ingawa hayatoshi, kwa sababu bima hulipa fedha, na kikundi cha kijijini kinadai pia mwili wa mwanachama: wanaume kaburini, wanawake jikoni na katika chumba cha wafiwa, ambako hulala chini usiku kucha pamoja nao.

Chuo cha Serikali za Mitaa, kilichoanzishwa Hombolo mwaka 1994, kiliwaleta wanafunzi na watumishi kutoka kila mkoa, na uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia serikali Dodoma ukaongeza kasi hiyo, hata idadi ya wakazi wa eneo la Jiji ikapanda kutoka 410,956 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 765,179 katika ile ya mwaka 2022. Kwa watumishi hawa sheria haina msaada mkubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku nne za likizo yenye malipo anapofiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hayumo katika orodha hiyo, sembuse jirani wa kupanga au mtu wa ofisi ya pili. Ndiyo maana ofisi hutuma wawakilishi wawili watatu na bahasha, na tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoenea baada ya mwaka 2008, rambirambi inaweza kumtangulia mtoaji au kufika bila yeye.

Jibu ambalo jamii ya wahamiaji imelitunga si fedha peke yake. Mwili wa mtumishi aliyefia Dodoma mara nyingi husafirishwa kwenda kuzikwa kwao, Kagera, Mbeya au Kilimanjaro, na kabla ya safari hiyo hufanyika shughuli ya kuaga, ambapo jeneza huwekwa nyumbani, kanisani au uwanjani, wasifu wa marehemu ukasomwa, na watu wakapita mbele yake kwa mstari. Shughuli hiyo, iliyokuwa haina nafasi katika mazishi ya kaya za tembe, imekuwa hasa ya wale wanaofahamiana na marehemu: mwenye nyumba wake, muuza mboga wake, wenzake wa ofisini, wanakwaya. Kaburi limebaki kwa ndugu na kwa watu wa kijiji alichozaliwa, ambao baadhi yao hawajapata kumwona tangu alipokwenda shule, na hao ndio wanaolichimba.