Mizinga ya Königsberg na Njia ya Bonde la Lukuledi

Mgeni aizuruye Ngome ya Yesu pale Mombasa, boma ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, huikuta mizinga miwili iliyokuwa mahasimu: mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg, na wa pili wa Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na Königsberg yenyewe bandarini Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Huugusa ule mtutu uliochomwa na jua, huitazama bahari, kisha huenda zake akiamini kwamba taarikhi ya chuma kile ilianza na ikakoma majini. Dai langu ni kwamba ziara hiyo ni nusu ya ziara, kwa kuwa mizinga ya Königsberg ilipigana barani kwa muda mrefu kuliko ilivyopigana baharini, na sura ya mwisho ya habari zake yafaa isomwe huku kwetu, katika njia itokayo Lindi, ikapita Nanganga na kufuata bonde la Lukuledi hadi Masasi.

Manowari hiyo, baada ya kujificha katika milango ya mto Rufiji na kuzingirwa humo kwa miezi mingi, iliangamia tarehe 11 Julai 1915, ilipokwisha kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey na mabaharia wake wenyewe wakailipua. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa na kutiwa magurudumu, ikagawanywa katika nchi nzima. Hata nahodha wake, Max Looff, akawa amiri wa majeshi ya nchi kavu upande wa Lindi. Amma mzinga wa manowari huundwa ili ukazwe juu ya sitaha, na uzito wake wote uchukuliwe na maji. Bahari ikiondoka, uzito ule lazima umwangukie kiumbe mwingine. Na madhali mbung'o waliwaua maksai, kiumbe huyo alikuwa mwanadamu, aliyefungwa kamba na kuuvuta mzinga katika mchanga na matope.

Na si mtutu peke yake. Mwezi Machi 1916 meli iitwayo Marie iliwapenya Waingereza waliokuwa wakiulinda mwambao, ikaingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na silaha, dawa na makombora ya mizinga hii hii. Shehena ikashushwa, ikachukuliwa bara vichwani mwa watu. Kombora moja la mzinga wa sentimita 10.5 lilikuwa na uzito wa kilo 17 na ushei bila ya baruti yake, ilhali mzigo wa mpagazi aghlabu ulikuwa kilo 25 hadi 30. Basi makombora ambayo baharini mzinga mmoja ungeyamaliza kwa dakika moja, njiani yalikuwa mlolongo wa wanaume, kila mmoja na lake, na nyuma yao wengine wakichukua chakula cha hao wa mbele.

Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika vita vikali mno kupita vyote vya nchi hii: askari kutoka Nigeria na wa King's African Rifles upande wa Waingereza, na askari wetu waliotumikia Wajerumani upande wa pili. Baada ya hapo Lettow-Vorbeck, amiri mkuu wa majeshi ya Wajerumani, alirudi nyuma kwa njia ya Chiwata, akaupanda uwanda wa Makonde, nchi yenye uhaba mkubwa wa maji, akapita Newala, na tarehe 25 Novemba akauvuka Ruvuma, hana tena hata mzinga mmoja wa Königsberg.

Huenda msomaji akasema kwamba chombo cha bahari mahali pake ni pwani. Sipingi, wala sitaki mzinga uondolewe Mombasa. Nisichokikubali ni kuihesabu bahari kuwa taarikhi, na bara kuwa njia tu. Hata Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, imemchonga askari peke yake. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini, ilhali bila ya yeye askari yule asingekuwa na risasi wala unga.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa makumbusho ya Kenya na Tanzania washirikiane katika jambo hili: penye mzinga Mombasa iwekwe ramani ya safari yake ya nchi kavu, Sudi, Mahiwa, Nanganga na Chiwata pasimamishwe mawe yenye maandishi ya Kiswahili, na masimulizi waliyoachiwa wazee wa Kimwera, Kimakonde, Kimakua na Kiyao na baba na babu zao yaandikwe sasa hivi, kwa majina ya waliovuta kamba, kila jina litakalopatikana, na kijiji alikochukuliwa mwenyewe.