Watu Wazima Waliojifunza Afya

Wazee wetu walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Neno hili ni la kweli, lakini wengi wamelitumia kujidanganya kwamba mtu akishaota mvi hawezi tena kujifunza jambo jipya. Ewe msomaji kijana, kabla hujalikubali wazo hilo, tazama mambo yaliyotokea kwa jirani zetu wa Tanzania mwaka 1973, ndipo utoe hukumu yako.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wake walio wengi walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Hata mwaka 1967, hesabu ya watu ilipofanywa, theluthi mbili hivi za watu wazima walikuwa bado katika hali hiyo. Je, serikali ingewaacha wazee hao na kuwangojea watoto wakue? Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kulijibu swali hilo Bungeni mwaka 1964, alipoueleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano. Alisema kwamba elimu ya watoto haitaleta matunda ila baada ya miaka mingi, lakini elimu ya watu wazima huleta matunda mara moja. Fikiri, nawe utaona maana yake. Mtoto akifundishwa shuleni faida ya choo, hana amri ya kukichimba nyumbani. Baba na mama ndio wenye uwanja, ndio wenye jembe, na ndio wenye neno la mwisho.

Basi mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kabla ya hapo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuanza kufundisha kwa njia ya redio, na watu walikusanyika katika vikundi vidogo ili wasikilize pamoja. Mafunzo ya mwanzo yalihusu mipango ya taifa, uchaguzi na historia ya nchi, nayo yalifikia watu wachache tu. Ndipo mwaka 1973 yalipokuja mafunzo makubwa yaliyoitwa Mtu ni Afya.

Yafaa ujue kwanza jinsi maradhi yalivyokuwa yakiwatesa watu vijijini. Chukua mfano wa safura. Mayai ya minyoo hii hutoka pamoja na kinyesi cha mgonjwa. Kinyesi kikiachwa ovyo vichakani, mayai huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na viluwiluwi vyake huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Wakifika tumboni, minyoo hunyonya damu mpaka mtu akawa dhaifu, hana nguvu ya kushika jembe. Ni wakulima wangapi walioitwa wavivu, kumbe ni wagonjwa! Tena palikuwa na malaria iletwayo na mbu, kichocho kinachotokana na maji yenye konokono, kuhara damu na kifua kikuu. Dawa zilikuwa haba na hospitali zilikuwa mbali; lakini kuyakinga maradhi hayo kulikuwa mikononi mwa watu wenyewe, kama wangejua njia.

Mafunzo yalichukua wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walitayarishwa kwa siku chache, nao hawakufunzwa kuhutubu bali kuongoza mazungumzo. Kikundi kilipokutana, watu walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha mmoja ajuaye kusoma aliwasomea wenzake sura ya kitabu, na baada ya hapo wote wakajadiliana. Hapakuwa na mtihani wala fimbo ya mwalimu. Palikuwa na swali moja tu la kumalizia: sisi hapa kijijini tutafanya nini? Jibu halikuandikwa daftarini. Liliandikwa ardhini kwa majembe: vyoo vilichimbwa, nyasi na vichaka vya karibu na nyumba vilifyekwa, madimbwi yalifukiwa, na watu wakahimizana kuchemsha maji ya kunywa.

Walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni 2 hivi, katika nchi ambayo mwaka 1967 ilikuwa na watu milioni 12 na kitu. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Wazee ambao hawakupata kukaa darasani hata siku moja walikuwa miongoni mwa waliojifunza na kutenda.

Lakini haifai kusifu kupita kiasi. Wiki 12 haziwezi kuondoa desturi za karne nyingi. Choo huchimbwa kwa siku chache, ila kukitunza ni kazi ya maisha. Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka kwa nguvu nchini humo, kikawakumbusha watu kwamba vita vya usafi havina siku ya ushindi wa mwisho. Fundisho la hayo si kwamba wazee hawafundishiki, bali kwamba elimu isiyorudiwa hufifia, kwa mzee na kwa kijana vilevile.

Hata hapa Kenya wazo hili si geni. Tangu mwaka 1925, katika shule ya Jeanes huko Kabete, walimu waliletwa pamoja na wake zao wajifunze kilimo, usafi na malezi, ili wakirudi vijijini wawafundishe wenyeji, wakubwa kwa wadogo.

Msomaji mpendwa, mtu mzima hujifunza upesi jambo analoliona lina faida kwake leo, tena akiheshimiwa kama mtu mwenye akili na uzoefu. Kwa hiyo utakaporudi nyumbani na elimu yako, usiwadharau wazazi wako kwa lile wasilolijua. Keti nao, uwaulize, uwasikilize, nawe uwaeleze kwa adabu. Na siku utakapokuwa mzee wewe mwenyewe, kijana akija na jambo jipya lenye manufaa, usimjibu kwamba samaki amekwisha kukauka. Shika jembe, mwende mkachimbe pamoja.