Tezi ya Shingo na Kiasi Chake

Msomaji, ukisafiri kutoka Malindi kwenda Garsen, kabla hujaufikia Mto Tana utapita Gongoni na Marereni, ambako maji ya bahari huachwa juani mpaka yakawa chumvi. Tangu mwaka wa 1978 sheria ya Kenya yaagiza chumvi ya kuliwa itiwe aidini, ili watu wasipatwe na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Tezi hiyo hutumia aidini kutengeneza homoni ziongozazo mapigo ya moyo na joto la mwili.

Lakini homoni zikizidi, ni maradhi pia. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na mgonjwa hukonda ingawa anakula sana. Je, matabibu walijifunzaje kuzirudisha katika kiasi chake? Walijifunza kwa taabu, na taabu yenyewe iliwapata wagonjwa.

Mwaka wa 1811 Mfaransa Bernard Courtois aliigundua aidini katika majivu ya mwani. Mwaka wa 1820 Jean-François Coindet, tabibu wa Geneva, aliwapa wenye rovu dawa hiyo. Wengi walipata nafuu, bali wengine walishikwa na moyo kwenda mbio, wakakonda. Katika miaka ya 1990 jambo lilo hilo lilionekana Kivu, mashariki ya Kongo, ilipoletwa chumvi yenye aidini kwa watu walioikosa muda mrefu.

Huko Bern, mpasuaji Theodor Kocher aliweza kuiondoa tezi nzima kwa ustadi mkubwa. Mwaka wa 1883 alitangaza kwamba wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamevimba uso na kuwa wazito wa akili. Alikuwa ameondoa wingi, akaleta upungufu. Tangu hapo aliepuka kuiondoa yote, na mwaka wa 1909 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka wa 1943 Edwin Astwood wa Boston alieleza dawa ya kuizuia tezi. Dawa za jamii hiyo, kama kabimazoli, zingali zatumika, na fundisho la Kocher halijabatilika. Dawa ikipungua, moyo hurudia mbio zake. Ikizidi, mgonjwa huona baridi, hunenepa na kulemewa na uchovu. Kwa hiyo hapo mwanzo damu hupimwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, na dawa hurekebishwa. Tiba huchukua kwa kawaida miezi 12 hadi 18. Ajionaye mzima akaiacha mapema hujitia hatarini.

Kwa mtu wa Garsen liko tatizo jingine. Mafuriko ya mwaka wa 1997 na ya mwaka wa 2023 yalikata barabara. Mgonjwa aliyezungukwa na maji hukosa dawa, na hukosa kipimo pia. Basi ukiwa na ndugu mwenye maradhi haya, mkumbushe apimwe na kuchukua dawa ya kutosha kabla ya masika na vuli. Na akishikwa na homa na maumivu ya koo, asingoje hata siku moja kumwona tabibu, maana dawa hizi, ingawa ni kwa nadra, huweza kuziangamiza chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili.