Ndefu Iko Kwenye R

Mwanafunzi anayekutana na neno “ndefu” kwa mara ya kwanza ataitafuta kwenye N. Akiikosa, atafunga kamusi akiamini neno halimo. Kumbe limo, kwenye R, chini ya “-refu”. Cha kumwongoza ni kile kistari kifupi tu, kinachosema kwamba hapa mbele patawekwa m, ki, vi au n, kadiri nomino itakavyotaka. Sijui alama nyingine ndogo vile iliyobebeshwa kazi kubwa namna hiyo katika vitabu vyetu.

Mpangilio wa alfabeti unazifaa zaidi lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni, palepale jicho linapoanza kutafuta. Ukuta huwa kuta, wimbo huwa nyimbo, jino huwa meno. Kwa hiyo kila mtunga kamusi ilimbidi aamue msomaji wake ataingilia mlango upi, na uamuzi huo unatuambia alimdhania kuwa nani.

Frederick Johnson alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939 kwa jina lake, nomino nyingi zilizotokana na vitenzi zimewekwa chini ya vitenzi hivyo. Ukimtaka msomaji, nenda S, tafuta “soma”, kisha teremka na aya. Maana zimetolewa kwa Kiingereza, basi aliyelengwa hahitaji kubahatishwa: ni mgeni aliyekwisha kufundishwa sarufi, anayejua kuvua neno kiambishi kabla ya kulitafuta. Hata hivyo naupenda mpangilio huo, nakiri. Ukoo mzima wa neno unaukuta umekaa mkeka mmoja.

Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Safari hii maana zilikuwa kwa Kiswahili, na msomaji akahamia M. Aliyeizungumza lugha tangu utotoni hakulazimika tena kulichambua neno ndipo aruhusiwe kulitafuta. M ikanenepa, maana humo hukaa mkulima, mvuvi, mshairi, mwizi na miti kadha wa kadha. Soma na msomaji wakatenganishwa na kurasa nyingi. Kwangu hiyo ilikuwa bei ya haki.

Lakini wingi na vivumishi havikuhamia popote. Bado unapaswa kujua umoja na shina. Programu za simu zingeweza kuliondoa tatizo hili, ila ile isiyofundishwa kwamba ndefu ni refu hujibu tu kwamba hakuna kilichopatikana, na mtoto hulichukua jibu hilo kama hukumu.

Mmoja wa Darasa la Tano aliwahi kuniuliza kama “nyufa” ni Kiswahili au ni maneno ya nyumbani kwao tu, kwa sababu alikuwa ameitafuta N yote. Tulifungua U. Tukaukuta ufa, na kando yake, kwa herufi ndogo, nyufa.