Virusi vya Bonde la Semliki na Elimu ya Glia

Historia ya nchi iliyo chini ya milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kuanzia Kasese hadi Bwera mpakani mwa Kongo, huandikwa kwa kufuata shaba ya Kilembe, reli iliyofika Kasese mwaka 1956 na vuguvugu la Rwenzururu, ilhali mchango wa bonde la Semliki katika elimu ya ubongo, ambao hauna uzito mdogo kuliko hayo, hutajwa kwa nadra. Mto Semliki hutoka Ziwa Edward huko Ishango, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Bwera, ukaizunguka Rwenzori kwa upande wa magharibi na kupita Bwamba kabla ya kuingia Ziwa Albert. Na hadi mwaka 1974 Bwamba, Busongora iliko Kasese na Bukonzo iliko Bwera zilikuwa sehemu za wilaya moja ya Toro.

Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulianzisha huko Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, na Bwamba ikawa uwanja wake mkuu wa utafiti. Ni katika msitu wa Semliki, mwaka 1942, walipokamatwa mbu ambao Kenneth Smithburn na Alexander Haddow, kwa kuwasaga mbu hao na kuwachanja nao panya wa maabara ubongoni, waligundua ndani yao virusi vipya, vikapewa jina la msitu huo. Kazi ya namna hiyo iliwategemea wenyeji waliokaa msituni usiku na mchana, hata juu ya majukwaa mitini, wakiwakamata mbu waliokuja kuwauma, nao wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa elimu hii ya ubongo.

Ubongo hauna seli za neva peke yake, yaani zile zinazopeleka ishara, bali una pia seli za glia, ambazo huzilisha, huzilinda na kuziongoza seli za neva wakati ubongo unapojengeka. Aina mojawapo, oligodendrosaiti, huzungushia nyuzi za neva mayelini, ala ya mafuta inayoharakisha ishara, na uharibifu wa ala hiyo ndio chanzo cha maradhi kama maltipo sklerosisi.

Ni katika kuchunguza uharibifu huo ndipo virusi vya Semliki vilipata thamani isiyotarajiwa. Aina yake dhaifu, A7(74), ambayo asili yake ni mbu wa Msumbiji, huwaua panya wachanga kwa sababu huenea upesi katika seli za neva ambazo hazijakomaa. Lakini panya wakubwa hupona, kwa kuwa seli za neva zilizokomaa huzuia virusi hivyo kuzaliana, ingawa oligodendrosaiti zao huambukizwa na mayelini huharibika. Mwaka 1993 John Fazakerley na wenzake walionyesha kizuizi hicho cha seli za neva, na katika mwaka huohuo ilibainika kwamba panya walioondolewa seli za kinga za aina ya CD8 hawakupata vidonda vya mayelini, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu hutendwa na kinga ya mwili wenyewe.

Tangu mwaka 1991, Peter Liljeström na Henrik Garoff walipovigeuza virusi hivyo nchini Uswidi kuwa chombo cha kuingiza jeni katika seli, vimetumika pia kuzichunguza seli za ubongo zikiwa hai, na mwaka 2003 iliripotiwa kwamba chombo kilichotokana na A7(74) huchagua glia au seli za neva kulingana na joto ambamo vipande vya ubongo vimehifadhiwa.